Usukani wa chopa unaangukia upande: nifunge vibano vya pembe au nisifunge?

Msomaji anayejenga chopa, yaani pikipiki yenye foki ndefu iliyolala mbele, ameuliza hivi: "Ninajenga chopa yangu ya kwanza. Fremu niliipata ikiwa tayari imechomelewa, shingo yake imelala digrii 40. Mbele nimeweka tairi la inchi 21 na foki ya kawaida yenye mabomba ya milimita 41. Vibano ni vya kawaida, ofseti milimita 50. Mabomba nilinunua marefu kwa sababu napenda pikipiki iliyonyoosha mguu: kutoka kibano cha chini hadi ekseli ni milimita 850. Sasa nikiisukuma ndani ya karakana, usukani unaangukia upande kama mlango uliokosa komeo. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, mikono inachoka. Ikishika kasi inanyooka vizuri, vizuri mno, hata kona haitaki. Rafiki mmoja anasema nifunge vibano vya pembe vya digrii 7, mwingine anasema vibano hivyo vinaua. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, rafiki zako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana pikipiki yake kichwani. Kwenye fremu kama yako, vibano vya pembe, yaani vile vinavyoshika mabomba ya foki kwa mlalo tofauti na wa shingo, ndiyo dawa, ingawa si vya digrii 7. Kwenye pikipiki ya kiwandani yenye shingo ya digrii 30, vibano hivyohivyo vinaweza kumtupa mtu barabarani. Kinachotenganisha pikipiki hizo mbili ni namba moja ambayo hukuiandika, na sikulaumu, maana haionekani kwa macho. Reki inaonekana, urefu wa foki unaonekana, kila mtu anavisifia. Treili haimo kwenye picha. Nayo ndiyo unayoishika mikononi.

Tuelewane maneno kwanza. Reki ni mlalo wa shingo ya fremu, lile bomba la mbele ambalo usukani unazunguka ndani yake, ukilinganisha na mstari wa timazi. Nasema shingo, si mabomba ya foki. Kumbuka hilo, tutalirudia. Ofseti ni umbali kati ya mhimili wa usukani, yaani mstari unaopita katikati ya tundu la shingo, na mstari wa mabomba yaliyo mbele yake. Treili unaipata hivi: urefushe mhimili wa usukani kwa mawazo hadi ugonge sakafu, weka alama. Dondosha timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele, weka alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo ndio treili, na ile ya mhimili inatakiwa iwe mbele.

Tazama gurudumu dogo chini ya kiti cha ofisi. Ukisukuma kiti, gurudumu linazunguka lenyewe likakaa nyuma ya msumari wake, kisha linafuata. Tairi la mbele la pikipiki linafanya kazi hiyohiyo: mguso wake na ardhi unaburutwa nyuma ya mhimili, na jambo lolote likilisogeza pembeni, ardhi yenyewe inalirudisha. Treili ikiwa ndogo mno, mkono huo wa kulirudisha ni mfupi, tairi linakosa ushauri. Ikiwa kubwa mno, linashauriwa kupita kiasi, na wewe unapotaka kukata kona unabishana nalo.

Hesabu yake haihitaji zaidi ya kikokotoo chenye sin na cos. Chukua nusu kipenyo cha tairi, zidisha kwa sin ya reki, toa ofseti, kisha gawa kwa cos ya reki. Tairi la inchi 21 la mbele lina nusu kipenyo cha milimita 340 hivi, kutegemea unene wake. Pima la kwako likiwa na uzito juu. Kwa ofseti yako ya 50, shingo ya digrii 30 inatoa treili ya milimita 139. Shingo ya 40: 340 mara 0.643 ni karibu 218.5, toa 50, gawa kwa 0.766, unapata 220. Shingo ya 45 inafika 269. Umeona mambo yanavyokwenda? Ukilaza shingo bila kugusa kitu kingine, treili inapanda kwa kasi. Wajenzi wengi wa chopa huitafuta kati ya milimita 100 na 150 hivi. Mimi pia huanzia humo.

Lakini wewe huna hata hiyo 220, maana mabomba yako yameinua pua ya fremu.

Fremu ya chopa imechorwa ikae na mabomba yake mawili ya chini, yale yanayobeba injini, yakiwa sambamba na sakafu. Aliyekuuzia aliposema "digrii 40" alimaanisha fremu ikiwa katika hali hiyo. Hukunipa kimo cha kibano chako cha chini, kwa hiyo nitachukua milimita 875 kutoka sakafuni fremu ikiwa imelala sawa, ili hesabu iende. Weka ya kwako mahali pake. Ekseli iko juu kwa 340. Tofauti ni 535. Gawa kwa cos ya 40, unapata 698. Huo ndio urefu ambao foki iliyonyooka ilitakiwa kuwa nao, kutoka kibano cha chini hadi ekseli. Wewe una 850. Zile 152 za ziada zinainua mbele kwa milimita 116 hivi, na kwa pikipiki yenye kama milimita 1900 kutoka ekseli hadi ekseli, fremu nzima inalala nyuma digrii 3 na nusu. Shingo yako kwa hiyo si ya 40 tena, ni ya 43.5, na treili inafika karibu milimita 254. Robo ya mita! Hapo hata dereva mwenye mabega ya mpiga makasia atalalamika.

Na huko kuanguka kwa usukani? Chanzo ni hichohicho. Ukigeuza usukani wa pikipiki yenye reki na treili, ekseli ya mbele inashuka kidogo kuelekea ardhini, na uzito wote uliokaa juu ya foki unapenda kushuka kuliko kupanda. Kiasi cha kushuka, kutoka katikati hadi digrii 90, ni treili mara sin mara cos ya reki. Kwa ile ya kiwandani ya digrii 30 na treili 139, ni milimita 60. Kwa yako ya sasa ni 127. Usukani wako una mteremko zaidi ya mara mbili wa kuutelemkia, ndiyo maana hausubiri.

Hapa watu hufanya kosa ninaloliona mara kwa mara: wanakaza nati ya beringi za shingo mpaka usukani uache kuanguka. Ukiwa umesimama unaona umepona. Ukiwa kwenye mwendo, usukani uliobanwa hauwezi kujirekebisha wenyewe, na pikipiki inaanza kuyumbayumba polepole kama mtu anayetembea na usingizi. Kuna na kipimo kile cha kawaida cha mafundi: nyanyua tairi la mbele, sukuma usukani kidogo, uone unavyoanguka upande. Kwenye chopa yenye mteremko mkubwa kinadanganya, maana utaanguka haraka hata beringi zikiwa zimekazwa kupita kiasi. Shika miguu ya foki uivute mbele na nyuma kutafuta mchezo, kisha geuza usukani taratibu kwa vidole viwili ukisikiliza kama kuna mahali panapokwama. Dampa ya usukani, kifaa cha kutuliza mtikisiko, nayo usiifunge kwa sasa. Inaficha tatizo.

Sasa vibano. Vibano vya kawaida vinashika mabomba sambamba na shingo. Vya pembe vinayaelekeza mbele zaidi, digrii 3, 5, 7, kwa hiyo ekseli inasogea mbele wakati mhimili wa usukani haujasogea kokote. Mtu akitazama kutoka pembeni anaona foki imelala zaidi, anadhani reki imeongezeka. Haijaongezeka. Kilichoongezeka ni ofseti inayofika kwenye ekseli, na ofseti ikiongezeka treili inapungua. Ni kinyume kabisa cha kulaza shingo, ingawa kwenye picha vinafanana. Utata wote wa rafiki zako umezaliwa hapo.

Wala usidhani ni pambo la wajenzi wa uani tu. Pikipiki kubwa za safari za Harley-Davidson zimetoka kiwandani miaka mingi zikiwa na shingo ya digrii 26 na mabomba ya digrii 29.25, mabomba yenyewe yakiwa nyuma ya shingo badala ya mbele. Ni nzito, lakini usukani wake unageuka kirahisi kuliko mtu anavyotarajia anapouona mzigo ule.

Turudi kwako. Tuseme ofseti ya 50 imepimwa kwenye kibano cha chini, na fremu tumeilaza sawa. Kwa vibano vya digrii 3, mabomba yanasimama kwa digrii 43, urefu unaotakiwa ni 731, ekseli inasogea mbele 38, ofseti inayofika chini ni 88, treili ni 170. Bado nzito, ila inaendesheka. Kwa digrii 5: urefu 757, ofseti ya chini 116, treili 134. Kwa digrii 7: urefu 784, ofseti 146, treili 95. Anayetazama namba hizo tatu haraka atasema 95 si mbaya, kuna pikipiki za mbio zenye treili kama hiyo. Ni kweli zipo. Lakini zina reki ya digrii 24 hivi, na hapo ndipo namba ya sakafuni inapodanganya.

Mikono yako haihisi umbali uliopimwa sakafuni. Inahisi umbali wa mkato, ulio wima kwa mhimili, yaani treili mara cos ya reki. Ile ya kiwandani ya digrii 30 yenye 139 inakupa 120. Yako ya 134 kwa shingo ya 40 inakupa 103. Ya 95 inakupa 73 tu. Kwenye foki ndefu, yenye mabomba yanayopinda kidogo kila yanapopiga shimo, 73 ni nyembamba kwa ladha yangu.

Kilichonifanya niache kabisa digrii 7 kwa fremu kama yako ni jambo dogo la dukani: ofseti imepimwa wapi? Mabomba hayako sambamba na shingo, kwa hiyo umbali wao kutoka kwenye mhimili kwenye kibano cha juu ni tofauti na ule wa kibano cha chini. Watengenezaji wengine wanapima juu, wengine chini, wengine katikati, na kwenye boksi wote wanaandika namba moja tu. Vibano viwili vikiwa vimeachana kwa milimita 200, pembe ya digrii 7 inazaa tofauti ya milimita 24. Ukinunua vya digrii 7 ukidhani 50 ni ya chini, kumbe ni ya juu, treili yako inaanguka kutoka 95 hadi 63. Kosa lilelile kwa vibano vya digrii 5 linakushusha kutoka 134 hadi 111, na bado uko salama. Kwa hiyo chagua 5. Si kwa sababu 134 ni namba takatifu, ni kwa sababu inavumilia kosa la mwenzako.

Na yule rafiki anayesema vinaua? Mfanyie hesabu ya shingo ya digrii 30: vibano vya digrii 5, foki ya milimita 700, treili ni 68. Vya digrii 7, inashuka chini ya 45. Namba hiyo ya 68 naijua kwa mwili wangu. Pikipiki yangu ya pili ilikuwa ya kiwandani, nikaipenda chopa, sikutaka kukata fremu, nikafunga vibano vya digrii 5 na mabomba yaliyozidi kidogo tu. Karakana nzima ilisifu. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli, nikafurahi zaidi. Kwenye kilomita 80 kwa saa nikapita juu ya kiungo cha daraja, ile bati ya chuma inayokatisha barabara, na usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Vioo vya pembeni vikawa ukungu. Niliachia mafuta taratibu, nikaegemea mbele, sikushika breki, nikaulegezea usukani badala ya kuukaba. Ulinyamaza wenyewe kwenye kilomita 50 hivi. Vibano nilivitoa jioni ileile, na ndipo nilipopima treili kwa mara ya kwanza maishani. Naona haya kusema "ndipo", lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tuje kwenye kupima, maana namba zangu zote ni za karatasi. Tafuta sakafu uliyoihakiki kwa pima maji, urefu wote wa pikipiki. Isimamishe wima kwa mikanda pande mbili, si kwa stendi ya pembeni. Wewe ukalie, miguu kwenye vikanyagio, tanki likiwa na mafuta nusu, na mtu mwingine ndiye apime. Foki na springi za nyuma zinashuka ukikaa, na pembe zote zinabadilika. Akandamize mbele mara mbili tatu kabla ya kupima, kwa sababu foki iliyolala ina tabia ya kukwama pale ilipoachwa.

Kwanza aweke pima maji kwenye bomba la chini la fremu. Pili aweke kipima pembe kwenye shingo yenyewe. Usimruhusu akiweke kwenye mabomba ya foki: ukiwa na vibano vya digrii 5 atasoma 45, mtaandika reki 45, na hesabu yote itatoka treili ya uongo iliyo kubwa kuliko ya kweli. Nimeshaona mtu akiongeza pembe nyingine juu ya hapo kwa kuamini kipimo cha namna hiyo.

Tatu, kuonyesha mhimili sakafuni. Wengi wanajaribu kupitisha kalamu ya leza kwenye tundu la shingo. Haifiki, kwa sababu mstari huo unapita ndani ya tairi kabla ya kugusa ardhi. Chukua kipande kirefu cha alumini ya pembe nne kilichonyooka, kifunge ubavuni mwa shingo kwa vibanio, ukihakikisha kinakwenda sambamba na shingo na kwamba mstari wa katikati yake unalingana na katikati ya shingo juu na chini. Kiache kishuke pembeni mwa tairi hadi karibu na sakafu. Mpimaji asimame mbali kidogo upande ule, jicho liwe chini, na mtu wa tatu aweke alama pale kingeishia. Kisha timazi ya ekseli, alama ya pili, futi kamba kati yake. Rudia mara tatu. Vipimo vikitofautiana kwa milimita 5, chukua wastani uendelee na maisha. Vikitofautiana kwa 20, kuna kitu kimesogea.

Alama ya ekseli ikiwa mbele ya ile ya mhimili, treili ni hasi. Pikipiki hiyo haiendeshwi, hata kuitoa nje ya geti.

Urefu wa foki ndio unaokuja mwisho, na wewe ulianza nao. Kununua mabomba kabla ya kujua pembe ni kushona kanzu kabla ya kumpima mvaaji. Ile 757 niliyotaja ni urefu ukiwa umekaa juu, springi zikiwa zimeshashuka, kwa hiyo foki ikiwa haina mtu itakuwa ndefu zaidi ya hapo na pua itaonekana imeinuka kidogo pikipiki ikiwa imeegeshwa. Iache hivyo. Usikisie tu springi zako zitashuka kiasi gani kwa kukumbuka pikipiki ya kiwandani. Mabomba yakisimama kwa digrii 30, asilimia 87 ya uzito ulio juu yake inashuka kufuata bomba na asilimia 50 inalipinda (hazijumlishwi hadi mia, ni pande mbili za pembetatu). Kwa digrii 45 zote mbili ni asilimia 71. Springi ileile inaonekana ngumu, bomba linasugua ndani ya mguu wake, na kila shimo linataka kulikunja kabla ya kulikandamiza.

Hapo ndipo urefu wa ziada unapoumiza. Mpindo wa bomba unakua kwa urefu mara urefu mara urefu: kutoka 700 hadi 850, mzigo ukiwa uleule, bomba linapinda karibu mara 1.8. Mabomba ya milimita 41 kwa 757 nayakubali. Kwa 850 na pembe ya 45 ningetaka ya 49. Na uangalie sana vile vipande vya kuongezea urefu vinavyofungwa kwa nyuzi juu ya bomba. Bei yake inavutia, lakini nyuzi hizo zikikaa chini ya kibano cha juu, ndizo zinazobeba mpindo. Bomba refu la kipande kimoja, au urefu uliopungua. Sina la katikati.

Kabla ya kununua mabomba mapya, jaribu na haya uliyonayo. Funga vibano vya digrii 5, yapandishe mabomba ndani ya vibano mpaka milimita 93 zichomoze juu, uone kama hayagongi usukani wala tanki. Yataonekana kama pembe za swala na marafiki watacheka. Lakini fremu itakuwa imelala sawa, na utaendesha jiometri halisi kabla ya kutoa hela ya mabomba. Ukiyaacha 850 yote chini ya kibano, treili itakuwa karibu 139, nzuri tu, ila fremu itabaki imeinuka digrii 2 na mabomba yatapinda bila sababu. Mtu akikuambia suluhisho ni kukata shingo na kuichomelea upya, mkatalie kwa upole. Shingo yako haina kosa, na chomeleo la shingo ndilo moja kwenye pikipiki nzima ambalo likiachia hakuna la pili la kukuokoa.

Ukishafunga, geuza usukani hadi mwisho kila upande: bomba la breki lisivutike, nyaya zisijibane kwenye shingo, vizuizi vya usukani viguse kabla mabomba hayajagusa tanki. Kukaza vibano usikisie, tumia spana ya kipimo na namba ya mtengenezaji.

Kisha toka asubuhi, barabara kavu, isiyo na watu. Anza kwa mwendo wa kutembea, zunguka duara kubwa kushoto na kulia. Usukani bado utataka kuanguka kidogo, maana mteremko wake sasa ni milimita 66, karibu sawa na ule wa kiwandani, lakini foki ndefu na tairi lililo mbali vinaongeza uzito wake. Panda hadi 40, legeza vidole bila kuachia usukani. Panda hadi 60, pita juu ya mkwaruzo mdogo wa lami, sikiliza. Mtikisiko mmoja unaokufa wenyewe ni wa kawaida. Ukiendelea mara tatu nne, rudi nyumbani ukapime, usipande hadi 80 kutafuta uhakika. Na kabla hujalaumu vibano, kagua upepo wa tairi la mbele, usawa wa rimu na mchezo wa beringi. Mara kadhaa nimefungua foki nzima kumbe tairi lilikuwa halijakaa vizuri kwenye rimu.

Ukiona bado ni nzito kidogo kuliko unavyopenda, ongeza upana wa usukani, sentimita tano kila upande, kabla ya kufikiria pembe kubwa zaidi. Ni rahisi, na unaweza kurudi ulikotoka.

Mabomba yako ya 850 usiyauze kwa hasira. Kwa shingo ya digrii 40 na vibano vya 5, yanatafuta fremu ambayo kibano chake cha chini kinakaa milimita 941 juu ya sakafu.